Kufuatia Hali Iliyojitokeza

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha kupokea wakimbizi pale Bangwe, nilikabidhiwa meza mbovu na mashine ya chapa. Enzi zile karani mchapaji hakuulizwa maoni. Mkuu wa Kituo alitembeatembea mikono nyuma akitamka, nawe unachapa kwenye stensili, karatasi ya nta inayotobolewa na herufi ili wino upite. Ukikosea, unaziba kwa dawa inayonuka kama rangi ya kucha.

Mkuu aliyapenda maneno mapana. Mpishi akiunguza ugali, yeye aliandika kwamba jikoni kumetokea kasoro za kiutendaji. Nilimpenda hivyo hivyo.

Kisha kipindupindu kikaingia. Muuguzi alimlaza mtoto mmoja, akatuomba tangazo upesi.

“Niandike kipindupindu, Mzee?” nikauliza.

“Unataka kutia watu hofu? Andika: Kufuatia hali iliyojitokeza, wahusika wote wachukue tahadhari stahiki mara moja.”

Nikachapa, tukabandika, Mkuu akaenda kunywa chai.

Hajamaliza kikombe, kituo kizima kilikuwa kinahama. Masufuria vichwani, magodoro, mbuzi, wote wameshika njia ya Simbo. Wakitawanyika, ugonjwa ungekwenda nao hadi vijijini. Mkuu akatoka mbio na suti yake ya kaunda, tumbo likimtangulia, nami nikimfuata. Nilicheka hadi nilipomkumbuka yule mtoto.

Tulimkuta mbele Mama Furaha, mchuuzi wa dagaa aliyevuka kutoka Kongo.

“Mama, mnakwenda wapi?” Mkuu akauliza akihema.

“Tunakimbia, Baba. Ile ‘hali iliyojitokeza’ tuliisikiaka kwa redio kule kwetu. Jioni wakaanza kupiga masasi.”

“Nani ametaja risasi? Mimi nimesema tahadhari.”

“Na redio nayo ilisema tahadhari.”

Mkuu akaketi juu ya godoro la watu kando ya njia, akaniambia taratibu niandike kwa mkono: Kipindupindu kimeingia. Chemsheni maji ya kunywa. Vita hakuna.

Nikawasomea. Mama Furaha akaniomba nirudie mwisho. Nikarudia, naye akashusha sufuria, machozi yakimtoka.

“Si mngesema hivyo tangu asubuhi,” akamwambia Mkuu. “Nimeacha dagaa wangu juani.”

Walirudi, wakachemsha maji, na yule mtoto akapona.

Sasa nimestaafu, naishi Ujiji, na vijana wa maofisini huniletea matangazo yao niyapitie. Huwa nawauliza jambo moja tu: atakayelisoma hili, mzigo wake ataufungua au ataufunga?