Katoni Tuliyompelekea Fundi

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo umenirudisha huko uliponiaga ukiwa juu ya pikipiki kwamba unaenda Nakuru kutafuta chombo cha kufungulia chuma kilichokaza kwenye gari lako. Nikakuuliza, cha saizi gani? Ukanijibu mimi, dada wa babu yako, "Nitajua huko mbele, shosho."

Babu yako naye alisema hivyo hivyo. Miaka ile ya hamsini, hapa Elburgon, kaka yangu huyo alikuwa na pikapu kuukuu. Nyanya yako alikuwa mja mzito, na mkunga alikuwa ameonya kwamba mtoto amekaa vibaya, afikishwe hospitali Nakuru kabla uchungu haujaanza. Lakini breki za nyuma zilikuwa zimekufa, na ile barabara ya kuteremka haibembelezi mtu. Drum ya breki, lile bakuli la chuma ndani ya gurudumu, ilikuwa imekaza, haitoki bila kile chuma cha miguu mitatu cha kuivuta. Kaka akainua nyundo. Nikamwambia akiipasua hatutapata nyingine.

Tukapanda juu ya lori la mbao, ambako nyanya yako hangeweza kupanda, hadi Nakuru kwa fundi mmoja mzee, Mhindi. Vyuma hivyo vilijaa ukutani mwake, vikubwa kwa vidogo. Kaka akamweleza habari ya mkewe.

"Pole. Drum iko kubwa namna gani?"

Kaka akatanua mikono. "Hivi, mzee."

"Hivi ni ngapi? Kijana, unataka kiatu na mguu umeacha Elburgon! Bibi yako anangoja, na wewe unanipimia hewa?"

Kaka akainamisha kichwa. Mimi nilitaka kulia, maana siku ilikuwa imekwenda bure.

Tuliporudi, nikapasua katoni ya sabuni, nikaipaka drum masizi na kuibandikia katoni ile. Ikatoka alama ya duara lote, na ya kila bolti. Kesho yake tukamrudia mzee, akaitazama katoni, akateremsha chuma kimoja tu.

"Mkirudisha, mkuje na mtoto nimuone."

Drum ilitoka bila ufa, breki zikatengenezwa, na nyanya yako akafika hospitali kabla ya uchungu. Na siku ya kurudisha chuma, babu yako aliingia kwa fundi amebeba mtoto kifuani. Mtoto huyo ndiye baba yako.

Basi zima hiyo pikipiki, mwanangu. Ingia kwanza chini ya gari lako, upime, uchore, hata wenzako wakikucheka. Ukienda kuomba msaada wa mtu, mpelekee shida yako ikiwa wazi, usimwachie kazi ya kukisia. Halafu nenda salama. Mungu akufungulie kila kilichokaza, na kisipasuke kitu mikononi mwako.