Sita, Kisha Moja

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na kwangu sheria ni sheria. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kila Jumapili baada ya misa tulikuwa tukikutana nyumbani kwangu Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, watu watatu, tukicheza mchezo niliofundishwa na mwalimu mwenzangu wa Kasese. Kila mchezaji anabuni mtu wake na kusema anachofanya. Mimi nasimulia safari, na pale maneno yasipotosheleza, dadu inaamua. Mchezaji mmoja alikuwa mkulima wa kahawa kutoka Karambi, mcheshi asiyejua kunyamaza. Wa pili alikuwa mama muuza vitenge aliyekimbia vita huko Beni, ng'ambo ya mpaka.

Mwanzoni pambano moja lilichukua saa nzima. Pigo, kinga, jeraha, pigo tena, nami naandika kila alama kwa raha zangu. Siku moja yule mama aliweka kikombe chake chini.

"Mwalimu, vita haiko vile. Iko mara moja tu, mutu ashaanguka."

Niliona haya. Tangu siku hiyo pambano likawa la kurusha dadu mara moja: kuanzia nne umepona, chini ya hapo umekufa.

Mtu wa yule mama mezani alikuwa dereva wa lori mwenye pengo, anayeimba nyimbo za kwaya akiwa kwenye usukani. Hakuwa amembuni. Mkulima na mimi tulijua kwamba kaka yake alipotelea kwenye njia ya Beni miaka miwili iliyopita, na hakuna aliyewahi kumletea habari, za uzima wala za kifo. Hakuwa amemlilia, maana nani anamlilia mtu ambaye huenda bado yuko njiani? Kila Jumapili alimsogeza dereva wake karibu kidogo na mpaka, na sisi tulimwacha amsogeze.

Dadu yetu tuliitoa kwenye ludo, na kwenye ludo ukipata sita unarusha tena. Mkulima alinisumbua kwa mazoea hayo, kila akipata sita anarusha tena na kudai achague iliyo bora, mpaka nikapitisha sheria kwa hasira: namba ya mwisho kutulia mezani ndiyo inayohesabiwa. Nilidhani nimemtia adabu.

Jumapili moja watu wenye bunduki walimsimamisha dereva msituni. Mama alifumba macho, akarusha. Sita! Mkulima akapiga kelele, mimi nikapiga makofi, naye mama katika furaha ile akaiokota dadu na kuirusha tena.

Moja.

"Hapana, iko sita!" mkulima akasimama. "Mwalimu, sisi yote tumeona sita. Wachana na hiyo ingine!"

Ningeweza kukubali. Hakuna ambaye angenilaumu. Lakini nilikuwa nimemkatalia mkulima mara ngapi, na kiburi kikanipanda.

"Sheria ni sheria," nikasema. "Dereva amekufa."

Mama aliisogeza dadu upande wangu. Sikuona hasira usoni mwake.

"Asante, mwalimu. Ni miaka mbili nangojea mutu aniambie."

Akavaa viatu vyake, akaenda.

Jumatano nilikuta turubai limefungwa mbele ya nyumba yake, na wanawake wameketi kwenye mikeka. Alikuwa amepeleka jina la kaka yake parokiani asomewe misa ya marehemu. Mimi ni nani hata nimzike mtu kwa dadu ya ludo? Nilisubiri mpaka walipopumzika kuimba, nikapiga magoti karibu naye.

"Mama, nilikosea. Ile sita ilikuwa halali. Sheria ilikuwa yangu mwenyewe, na ilikuwa ya kijinga. Hatujui kama amekufa."

"Najua, mwalimu. Weye haujui, na miye sijui." Macho yake yalikuwa mekundu, na uso umevimba kwa machozi ya miaka miwili. Akanishika mkono. "Lakini usinirudishe mu kungojea. Acha nilie."

Wanawake wakanisogezea nafasi kwenye mkeka, nikaketi.