Ukili Ndani ya Bahasha

Kaka yangu alikuwa fundi Tanga, na kwa miaka mitatu hakuwa amekanyaga nyumbani Kibiti. Tukamtumia picha ya mama. Ikafika imekunjika, mstari mweupe umepita kuanzia jichoni hadi kidevuni. Akajibu: "Mama amenikunjia uso. Nimekosa nini?"

Alikuwa anatania, lakini mama hakucheka. Siku ya picha alitabasamu mpaka pengo lake likaonekana, jambo asilolifanya mbele ya wageni, na alitaka tabasamu lile limfikie mwanawe kama lilivyo. Nakala iliyobaki ilikuwa moja tu. Ile ya kwanza niliitia mimi kwenye bahasha, kwa hiyo kosa lilikuwa langu, nami nikikosea sili nikashiba.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, maduka yamejaa bidhaa na maboksi yametupwa kila mahali. Nikapima boksi la sabuni kwa rula, nikakata kipande cha kuikinga picha isikunjike, kingo nikazisugua kwa msasa. Karani wa posta akaiweka bahasha kwenye mizani.

"Kijana, hii barua au dirisha?"

Ilizidi uzito. Nikajaribu boksi la biskuti. Lilikuwa jepesi, ila likapinda. Nikapanga chelewa za ufagio, zikatoboa bahasha. Nakiri, nilichomoa nyingi mno.

"Ufagio wangu umeugua nini?" mama akauliza.

Alikuwa barazani anasuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Nikautazama: bapa, mkavu, mwepesi, ukiupinda unarudi ulivyokuwa. Sikumwomba. Nikachukua mkasi, nikakata kipande sawasawa na picha. Kabla sijafika mlangoni kilikuwa kimefumuka, mkononi nimeshika majani matupu.

Mama alicheka hadi akaweka kazi chini. "Unakata ukili kwa mkasi? Wakisikia kwetu Mohoro, nitasema nilikulea wapi?"

Akaniketisha. Nilijifundisha mambo mengi peke yangu, kwenye vitabu vya kuazima, lakini hili la mbele ya macho yangu sikuwahi kuliuliza: ukili hufungwa mwisho kwa kurudisha kila jani ndani ya msuko. Akasuka vipande viwili vifupi kwa ukindu usiotiwa rangi, maana rangi huchuja ikipata unyevu. Nikaviunga kwa uzi. Yeye alipima kwa kiganja, mimi kwa rula, tukapishana kidogo sana. Nikamwambia afumue.

"Hiyo rula yako ndiyo imekosea."

Nikaiweka rula chini, kwa shida.

Bahasha niliibandika kwa uji wa unga, nikaibandua mara mbili kuhakikisha picha imekaa sawa. Tukaenda posta pamoja. Karani akaibonyeza, akaitikisa sikioni.

"Mama, mnatuma mkeka?"

"Kinda lake tu, mwanangu. Mama mtu kabaki nyumbani."

Stempu moja ikatosha.

Jibu lilipokuja nilimsomea mama kwa sauti. Picha imefika imenyooka. Kaka ameitundika ukutani, na mwenye nyumba wake kila akipita huuliza huyu mama anacheka nini.

"Rudia hapo," mama akasema.

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, nikarudia, kisha akanisogezea karatasi na kalamu.

"Mwandikie kaka yako, siku ile ya picha nilikuwa namwona yeye."