Taa Nyekundu ya Redio Yangu

Fundi redio wetu wa Kaisho hapandishi sauti hata umtukane. Ukifika na hasira zako, anakuwekea kiganjani punje za kahawa ya kutafuna, na nani atagomba huku anatafuna kahawa ya mtu? Wiki tatu amenizungusha hivyo, na redio yangu bado bubu. Leo nimezikataa punje zake. Mezani kwake, panapostahili kukaa redio za watu, kuna treni ndogo aliyoiunda kwa makopo, inazunguka kwenye reli ya waya, na kando ya reli amesimamisha kijiti chenye taa mbili za kuiongoza, ya kijani na nyekundu. Treni! Wilaya yetu hii ya Kyerwa, ambako hata honi yake hatujawahi kuisikia! Anapuliza vumbi, anakaza waya kwa kucha, anapuliza tena. Ndipo nikaitambua ile taa nyekundu: ni ya redio yangu.

“Mwizi wewe!” Nikanyoosha mkono niing'oe.

“Subiri, mama,” akasema taratibu, bila kuinua macho. “Ikiwaka nyekundu, hakuna anayepita.”

Ikawaka. Treni ikasimama. Na mkono wangu mpumbavu ukasimama pia.