Siku Niliyolowa Kyavinyonge

Kizazi chetu, hakuna mutu alijifunza kuloba samaki akiwa amelala ku kitanda. Ninasema hivi sababu ya Mumbere, mutoto wa yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, kijana wa miaka makumi mbili. Tangu Pasaka anatazama ku telefone bazungu banaoloba samaki mu kayak. Kayak ni kamutumbwi ka plastiki, ka mutu mumoja, kenye kiti na pahali pa kuweka kahawa. Mumbere anajua bei yake, anajua gilet ya kuelea ya rangi gani inafaa, anajua hata upepo. Maji yenyewe hajayagusa. Tunaishi Vulamba, hapa Butembo, na maji anayoyajua ni ya bidon, dumu ya kuchotea.

Zamani, shiye batoto, shule ikifunga, mama alifungua bulletin, karatasi ya pointi. Kama umepita, unapelekwa vacances, likizo ya shule, Kyavinyonge ku ziwa, kwa Baba mudogo, mudogo wake baba yangu, aliyekuwa muvuvi. Tulipanda juu ya lori, katikati ya mifuko ya viazi na vitunguu, na pull-over mbili juu ya mwili sababu ya baridi ya milima yetu. Lori ikianza kuteremka kuelekea ziwa, masikio yanaziba. Unavua pull-over ya kwanza. Unavua ya pili. Kisha harufu inakufikia: samaki ya chumvi, moshi, majani yaliyooza, na mavi ya kiboko. Mutu mwingine angefunga pua. Miye nilikuwa ninacheka peke yangu.

Kule tulikula tilapia asubuhi, tulikula tilapia muchana, na mangaribi Mama mudogo, muke wa Baba mudogo, alituuliza kama tunataka nini, tukajibu tilapia. Aliichemusha na nyanya tu, na bugali wa muhogo wenye kuvuta ku vidole. Tulioga ku kando ya ziwa tukiangalia kama kiboko haiko karibu. Marabou, ile ndege kubwa yenye kichwa bila nywele, ilitembea kati yetu kama directeur wa shule, na siku moja ilimeza sabuni yangu nzima. Mama mudogo alinigombeza miye, ndege hakuiambia kitu.

Lakini yote ile haikunitosha. Miye nilitaka kuloba. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na batoto banaume ba rika yangu balikuwa banafundishwa na bababa yao. Bamama na batoto banamuke balingoja ku kando na beseni zao. Nilimulilia Baba mudogo majuma tatu. Alikuwa na mutumbwi mudogo, wa zamani, wa mutu mumoja. Siku aliyokubali kunipa ngafi, kasia ya mutumbwi ule, barafiki yake bavuvi balicheka sana.

"Utamupa mutoto mwanamuke ngafi? Na wa Butembo tena?"

"Maji haiulizake kama weye ni mwanamuke," akabajibu. Kisha akanigeukia. "Kavira, sikia muzuri. Ukirudi mukavu, kesho utaenda tena. Ukirudi umelowa, imeisha. Utapasua samaki na Mama yako mudogo mpaka vacances iishe."

Nikasema ndiyo, Baba mudogo. Ningesema ndiyo hata kama angeniambia nirudi na kiboko.

Siku mbili alinifundisha. Kukaa chini kabisa, magoti yafunguke kidogo. Kupiga maji na ngafi, pande hii, pande ile, bila haraka, sababu mutu wa haraka anazunguka pahali pamoja. Kuingiza munyoo ku ndoano bila kujichoma. Kubaki karibu na matete, pale maji yananifikia ku kifua, ili anione. Na neno moja alilirudilia mpaka nikaliota: "Hapana simama! Hata nyoka ikiingia mu mutumbwi, hapana simama!"

Siku ya tatu, asubuhi na mapema, nilienda peke yangu. Mama yangu! Niliogopa, na saa ile ile nilikuwa na furaha ambayo sijui kuisema. Ukungu ulikuwa unatoka polepole juu ya maji. Sauti za batu ku kando zilinifikia ndogondogo. Nilitupa kamba, nikangoja, na mu kungoja ile akili yangu ya milima ikaanza kazi. Nikajiuliza: samaki ikikamata, halafu inivute kamba mu mukono, itakuwa namna gani?

Sasa, kwetu Butembo, tulipochunga mbuzi kando ya barabara, kila mutoto alifunga kamba ku kifundo cha mukono. Mbuzi ikiingia mu maharagwe ya jirani, ni weye utapigwa. Donc nikafunga. Fundo mbili, nguvu kabisa. Hakuna mutu alikuwa amenikataza, sababu hakuna mutu wa Kyavinyonge angeweza kufikiria upumbavu wa namna ile.

Kambale ikakamata. Ilikuwa kubwa, na haikunivuta kwa adabu. Ilinivuta mukono mpaka mu maji. Basi nikafanya vile mutu anafanya na mbuzi yenye kichwa nguvu: nikasimama, nikakaza miguu, nikavuta.

Mutumbwi ulinimwaga kama maji ya kufulia nguo.

Nilipotoa kichwa, maji yalikuwa ku kifua, na samaki bado ilikuwa imefungwa ku mukono wangu, inanipeleka kushoto, inanirudisha kuume. Nikatembea kuelekea ku kando, ninaivuta, ninalia. Sikulia sababu ya mukono. Nililia sababu vacances yangu ilikuwa imeisha. Ile samaki kubwa hata sikuiangalia.

Bamama ba beseni bakaniona. "Yoo! Angalieni! Mutu wa Butembo anachunga samaki!" Bakacheka mpaka bengine bakakaa chini. Muvuvi mumoja akamushika Baba mudogo ku bega: "Si tulikuambia?"

Baba mudogo alikata kamba na kisu, akaangalia kifundo changu chenye alama nyekundu, akakipuliza. Kisha akatoa saa yake, ile ambayo alikuwa anaipenda kuliko radio, akamupa Mama mudogo. Akaingia mu ziwa. Na shati, na pantalon, na viatu. Akaenda mpaka shingoni, akapiga magoti, kichwa kikapotea, akatoka. Alirudi maji yakimutiririka mpaka ku ndevu, akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ili bote basikie:

"Bon. Leo nyumba yangu yote imelowa. Kama ni kufukuza, tufukuzwe bote."

Batu bakacheka tena, mais kicheko ile ilikuwa ingine. Ni Mama mudogo tu aliyekasirika: "Weye mwanaume, shati ile niliifua jana!" Kesho yake asubuhi, ngafi ilikuwa inaningoja ku mulango. Niliirudia siku zote zilizobaki, kamba mu vidole, matako chini.

Leo ninapita miaka makumi tano. Barabara ya kuteremka ku ziwa mutu anaifikiria mara mbili sababu ya vita, na samaki tunazouziwa ku soko, zamani tungezirudisha zikakomae. Baba mudogo amezeeka, anaishi Oicha na shamba yake ya cacao, mbali na ziwa. Nilimupigia telefone, nikamueleza habari ya kayak. Akauliza: "Iko na kiti? Basi mutu atasinzia mule." Tulicheka mpaka unité za telefone zikaisha. Nina furaha kuwa bado yuko, na kuwa bado ananiita mutoto.

Mumbere ananiambia ku video zile mutu akianguka banakata, hakuna anayeona. Shiye tulianguka mbele ya kijiji kizima. Batoto ba leo bana gilet, bana kiti, bana mwalimu ku telefone saa yote. Mais mutu mukubwa wa kuingia mu maji na viatu vyake sababu yao, huyo hayuko mule. Na tuseme ukweli, hata hapa nyumbani hapatikani sana. Maji ya siku hizi ni baridi, shiye bakubwa tunabaki ku kando, pakavu, tunapiga foto.