Video Tuliyosema Si Yetu

Nianze kwa kukiri kwamba katika video yetu ya kwanza nilikuwa na kitambi. Kilikuwa mto wa kulalia niliouchukua chumbani kwa kaka yangu bila kumwambia, nikaufunga tumboni kwa mkanda wa shule, juu yake nikavaa koti la babu na miwani myeusi mikubwa kama vifuniko vya sufuria. Masharubu nilichora kwa mkaa. Nilijiona nimeweza.

Wimbo wenyewe haukuwa wangu. Ulikuwa wa binti mmoja ninayesoma naye kidato cha tatu, huku Igoma. Mama yake anaanika dagaa ziwani, na wimbo aliutunga juu ya mikono ya mama yake. Ana sauti ambayo ikianza hata mimi nanyamaza, jambo ambalo walimu wamelihangaikia miaka mitatu bila mafanikio. Tulipokuwa kidato cha kwanza darasa zima lilimwita Dagaa, kwa sababu sare yake ilikuwa na harufu ya kazi ya kwao. Jina hilo nilimpa mimi. Naliandika mapema nisije nikalisahau kwa makusudi.

Mwalimu wa klabu ya sanaa alitaka kila kidato kitengeneze video ya wimbo mmoja, ioneshwe siku ya wazazi. Kwetu tulijitokeza watatu: huyo mwimbaji, rafiki yangu mpiga picha, na mimi, niliyejiteua kuwa mwongozaji kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

"Nitaimba," mwimbaji alisema, "ila sura yangu isionekane. Aonekane mama."

"Mama mwenyewe anajua?"

"Anajua. Na siku hiyo nataka aje. Hajawahi kukanyaga shuleni hapa. Kila kikao anasema ana kazi, kumbe anaogopa watu watasikia harufu." Akatuangalia, hasa mimi. "Mtu mmoja akimcheka pale ukumbini, harudi tena. Kwa hiyo nikiona mmeweka mzaha juu yake, wimbo wangu nauchukua, na nyie muimbe wa kwenu."

Tukaapa. Mimi niliapa kwa sauti kubwa kuliko wote, na hilo lingetosha kumtia mtu mashaka.

Jumamosi tukaenda ziwani na simu ya kaka, maana mwanafunzi kuwa na simu ni kesi. Mama wa mwimbaji alitupokea vizuri. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu. Pigeni mnavyotaka, ila atakayenikanyagia dagaa nitamwanika na yeye." Kisha akainama kwenye kazi yake na kutusahau kabisa. Alikuwa anawageuza dagaa kwenye chanja kwa ufagio mdogo, safu kwa safu, na mimi baada ya nusu saa nikaanza kupiga miayo. Mpiga picha wetu yeye alikuwa amehamia mawinguni. Kila nikimtafuta, simu imeelekezwa juu.

Nikaona video haina mtu wa kuangaliwa. Kwa hiyo mwimbaji na mama yake walipokwenda kubeba magunia, nikauvaa ule mto na vifaa vyake, ambavyo nilikuwa nimekuja navyo kwenye begi kwa tahadhari. Nikawa Bosi. Bosi alitembea kando ya chanja ameziba pua, akajipepea kwa daftari la hesabu, akajikwaa, akaanguka, akainuka akiwa bado ameziba pua. Mpiga picha alicheka mpaka simu ikatikisika, na wakati wa kuhariri tukamchomeka Bosi karibu kila mahali mama alipoonekana.

Mwimbaji alipoiona ile video hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kusema.

"Huyu ni nani?"

"Bosi. Kachumbari tu hiyo. Video isiyochekesha watu wanasinzia."

"Niliwaambia nini?"

"Hachekwi mama, anachekwa Bosi. Tuwaoneshe watu, wao ndio waamue."

Alifikiri kidogo. "Sawa. Watu waamue. Wakiona anachekwa mama, mimi natoka."

Nikafurahi, kwa sababu watu nawajua. Mwalimu mwenyewe alikuwa amedai daftari la maoni: tuwaoneshe watazamaji kabla ya siku yenyewe, tuandike walichosema, tuandike tulichobadilisha. Tukazunguka. Jirani yetu mmoja, mfanyakazi wa kiwandani Nyakato, alisema imependeza. Mama yangu alisema hongereni, na hesabu je? Wanafunzi wa kidato cha pili walisema kali sana, kwa sababu niliwasimamia mlangoni. Mlinzi wa shule alisema nzuri, na alikuwa amesinzia tangu mwanzo hadi mwisho. Nikapeleka daftari kwa mwalimu, kurasa nne za sifa, kifua mbele.

Akalisoma lote. "Hawa wote wanakufahamu?"

"Ndiyo mwalimu."

"Basi haya siyo maoni. Hizi ni salamu. Nenda kaanze upya."

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo mpaka leo sijui nijivunie au nitubu. Watu wa kwetu hawawezi kukuambia usoni kwamba kazi yako ni mbaya. Watakuambia umejitahidi, na kama ni mbaya sana watakukaribisha chai. Lakini kazi ya mtu ambaye hayupo wataichambua mpaka mifupa. Tukisema video si yetu, ukweli utatoka wenyewe.

Ikatokea mpiga picha ametumwa kwa shangazi yake Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Tukapanda kivuko wote watatu, na spika ndogo kwenye mkoba. Mtu akiwa kwenye kivuko hana pa kukimbilia mpaka ng'ambo, na hakuna aliyekuwa anatufahamu. Mwimbaji hakuwa anaonekana kwenye video, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya miwani na masharubu. Maneno yangu yalikuwa haya: "Shikamoo. Kuna shule tunashindana nayo, hii ndiyo video yao. Tunaomba mtusaidie kuona makosa yao." Nilitoa shikamoo halali kisha nikaunganisha uongo papo hapo, bila hata kuvuta pumzi.

Nimeona watu wakifurahi harusini, lakini si kama wale. Mzee mmoja aliyekuwa na baiskeli na katoni za sabuni alivaa miwani ya kusomea kabisa.

"Huyu mtoto anaimba mikono ya mama yangu, mikono ya mama yangu. Iko wapi?"

"Ipi, mzee?"

"Mikono. Mimi naona mawingu. Mama yake anakaa mawinguni?"

Nikamtazama mpiga picha. Alikuwa anaangalia maji kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka. Yale mawingu alikuwa ameyapenda kuliko chakula.

"Halafu wameweka mdundo wa ngoma kubwa," mzee akaendelea, "sauti ya mtoto inazama. Hao wenzenu hawana mkubwa wa kuwaambia?"

Niliandika haraka, roho kwatu. Hakumtaja Bosi. Tulipofika Kamanga nilikuwa natembea kama Bosi mwenyewe.

Wakati wa kurudi tuliketi karibu na mama mmoja aliyekuwa anavusha magunia ya dagaa kuleta mjini. Kiswahili chake kilikuwa na Kisukuma ndani yake, na aliniita ng'wanawane, yaani mwanangu, kabla sijamaliza salamu. Nikasema uongo wangu. Akachukua simu akaisogeza karibu na uso. Akaangalia yote. Akasema rudisha. Akaangalia tena. Hakucheka hata pale nilipoanguka, na nakuhakikishia nilianguka vizuri.

"Huyu mwenye miwani ni nani?"

"Simjui, mama. Nadhani ni mchekeshaji."

"Anamchekesha nani?"

"Watu."

"Anaziba pua kwa nini?"

Nikasema labda ni ile harufu. Yeye alikuwa amekalia gunia.

"Na huyu anayeanika ndiye mama wa anayeimba?"

"Ndiyo."

"Basi mtoto anamsifu mama yake, na wenzake wameweka mtu nyuma ya mgongo wa mama wa kumtukana. Na mama wa watu hajui, ameinama." Akanirudishia simu. "Huyo binti aliwakosea nini?"

Mimi ni mtu mwenye jibu. Nimewahi kumjibu mwalimu mkuu mstarini, na adhabu yake nikaijibu pia. Lakini pale nilianza kufuta kioo cha simu kwa shati. Aliyejibu alikuwa mwimbaji, aliyekuwa ameketi upande wangu wa pili muda wote, mtandio umefunika nusu ya uso.

"Hakuwakosea kitu, mama."

Basi. Yule mama akamtazama, akanitazama mimi, akageukia magunia yake mpaka tukaanza kuona mawe ya upande wa mjini. Nikapiga hesabu ya muda uliobaki kabla ya kushuka. Ulikuwa mrefu mno.

Kivuko kilipofunga, nikajitwisha gunia lake moja bila kuombwa. Lilikuwa zito, na nilistahili. Nilipolitua juu, kando ya barabara, nikasema, "Mama, ile video—"

"Ni yenu. Najua." Akaelekeza kidevu kwenye kandambili zangu, ya kushoto nilikuwa nimeifunga kwa waya wa shaba. "Mle ndani umeanguka nazo."

Nikatamani ziwa linimeze, lakini lilikuwa na kazi nyingine.

"Samahani, mama."

"Mimi umenikosea nini? Mwambie mwenyewe." Kisha akasema jambo ambalo nililiandika baadaye kwenye daftari neno kwa neno, na ndilo lililotuokoa: "Na mpunguze hiyo ngoma. Ufagio ukipita juu ya dagaa wakavu una sauti yake. Mwenye kazi hii akiisikia, anajua ni yeye anayeimbiwa."

Mwimbaji nilimwambia pale pale kando ya barabara. Sikuwa na hotuba. Nilisema Bosi anatoka, na lile jina la kidato cha kwanza pia nisamehe, maana naona aliyeyafanya yote mawili ni mtu yule yule. Akasema, "Tutaona video." Hakunisamehe kwa maneno, na sikudai.

Jumamosi iliyofuata tukarudi kwa mama yake. Tukamwomba atuoneshe mikono.

"Mikono ya nini? Imejaa makovu haya."

"Ndiyo hiyo wimbo unayoisifu, mama."

Akaifuta kwenye kanga kwanza, kama mtu anayepelekwa kwa mgeni. Mpiga picha akapiga magoti kwenye mchanga, akasogea karibu mpaka kwenye kucha. Simu haikuinuka juu hata mara moja. Tukarekodi ufagio peke yake, mimi nikiwazuia watoto wasipige kelele, kazi niliyoifanya kwa kuziba mdomo wangu kwanza. Halafu tukakaa kuhariri. Bosi alikufa kwa kidole, kipande baada ya kipande, na kila kipande kilichotoka kiliacha nafasi ambayo sauti ya mwimbaji iliijaza bila shida yoyote. Nilikuwa nimeziba nafasi hizo kwa mto. Wingu tulimwachia mpiga picha moja, la mwisho, maana naye ni binadamu.

Siku ya wazazi mama wa mwimbaji alikuja. Alivaa kanga mpya, akachagua kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Madirisha ya ukumbi tuliyaziba kwa mashuka ya bweni. Mwimbaji alisimama nami ukutani, na sijawahi kumwona mtu akihesabu vichwa vya watu kwa macho vile.

Kabla picha haijatokea ulisikika ufagio. Kwashu, kwashu. Kisha ikaja mikono, kisha sauti. Hakuna aliyesema kitu, hata kidato cha pili wangu wa kule nyuma, ambao safari hii sikuwa nimewatisha.

Halafu mtu akacheka.

Mwimbaji akanishika mkono kwa nguvu mpaka nikasikia kucha. Tukageuka. Aliyecheka alikuwa mama yake. Alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yanatikisika, anamgusa mzazi aliyeketi jirani naye na kumwambia kwa sauti iliyofika hadi kwetu: "Ni mimi yule. Angalia. Ni mimi." Na yule jirani, mama mmoja mnene aliyevaa kitenge cha kanisani, akasimama nusu ili aone vizuri, akasema, "Kumbe. Hebu sogea mbele huku, unakaa mlangoni kwa nini?"

Wakasogea mbele wote wawili. Mwalimu akairudisha video tangu mwanzo.

Kwenye daftari la maoni mwalimu alitaka tuandike majina ya waliotusaidia. Sikuwa nayo. Niliandika mzee wa baiskeli na sabuni, na mama wa magunia, kivuko cha kurudi. Kama kuna siku watasoma haya, nawashukuru, ingawa mama wa magunia namshukuru nikiwa nimeinamisha kichwa kidogo. Watu wanaonipenda walinisifu, na sifa zao zingeniacha na kitambi changu mbele ya ukumbi mzima. Hawa hawakunijua, walikuwa na safari zao na mizigo yao, na bado waliiangalia kazi ya watoto wa watu mpaka mwisho.

Baada ya chakula, wakati nakusanya mashuka, mama wa mwimbaji akaja niliposimama. Niliandaa samahani yangu yote. Yeye alikuwa na swali.

"Mwanangu, kikao kingine cha wazazi ni lini?"

Sikujua. Nikatupa mashuka chini nikakimbia kwenda kumuuliza mwalimu.