Kaniki Kati ya Mama na Mume Wangu

Mama yangu alikuwa mkunga. Mume wangu alifunga vidonda vya wajenzi wa reli kwenye hospitali ya Wajerumani pale Dodoma. Kwa mila yetu Wagogo, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo nilipojifungua mara ya kwanza, mama alikuwa nami chumbani, na mume wangu, ambaye kazi yake ilimfundisha kuogopa damu ya uzazi, aling'ang'ania kukaa upande wa pili wa kaniki niliyoitundika mwenyewe.

Mtoto alitoka salama. Damu ndiyo iliyokataa kukatika.

"Mwambie mumeo damu ni nyingi," mama akasema.

"Damu ni nyingi," nikamwambia, kama vile yeye hana masikio.

"Muulize mama, kondo la nyuma limetoka lote?"

Nikamuuliza. Nilikuwa tarishi wa kifo changu mwenyewe, na hata leo sijui nicheke au nilie. Kisha ulimi ukawa mzito, nikanyamaza.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Walingoja neno langu, halikuja. Mama akaivuta kaniki ikaanguka. "Ingia, baba. Mwanangu anakufa." Mume wangu akaingia na dawa aliyofundishwa na daktari. Yeye akaninywesha, mama akanikandamiza tumbo, wakaelekezana mikono yao ikigusana. Kila mmoja alikiri kwamba peke yake asingeniokoa.

Mbuzi wa kutakasa alichinjwa, lakini wanawake hawakumwita mama tena kuwazalisha. Mikono ile iliyogusa ya mkwe, walisema, itafunga njia ya mtoto. Nilipita nyumba kwa nyumba kumtetea. Walinipa togwa, wakausifu unene wa mwanangu, basi. Niliona haya kuwa hai kwa gharama ya mama.

Msimu wa kulima, jirani yetu alishikwa na uchungu. Mama alikaa mlangoni pa nyumba yake mwenyewe, amekwisha kunawa, akingoja kuitwa. Nilikuwa kando yake, mwanangu akinyonya, kilio cha msiba kilipoanza kule kwa jirani, ng'ambo ya uwanja.

Mtoto alishtuka, akaachia titi. Mama akamrudisha taratibu kwa mikono yake safi.

"Mnyonyeshe, mwanangu," akasema. "Yeye hana kosa."

Nilingoja aseme kwamba hata mimi sina. Hakusema.